Dakika Tisa za Kihispania

Mwongoza watalii alianza kuongea saa tano na dakika kumi. Najua kwa sababu nilitazama saa. Tulikuwa tumesimama nje ya lango la Derinkuyu, mji uliochimbwa chini ya ardhi huko Cappadocia, katikati ya Uturuki, na alichokuwa anaongea ni Kihispania. Aliinama hadi uso ukakaribia magoti. Akajishika kifua kama mtu aliyeishiwa pumzi. Akajipiga kofi kiunoni, akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kuelekea benchi lililokuwa kivulini. Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, na kina mama wawili wa makamo wakajitoa kwenye msafara wakaenda kukaa kwenye benchi lile.

Saa tano na dakika kumi na tisa akatugeukia sisi wanne tusiojua Kihispania. Kwa Kiingereza alisema tunashuka, njia ni nyembamba, tuchunge vichwa.

"Kasema nini?" Shangazi akauliza.

"Tuchunge vichwa."

"Dakika zote zile?"

Nikacheka, tukaingia kwenye foleni. Shangazi alikuwa ameuliza swali la maana kuliko yote ya safari ile, nami nililichukulia mzaha.

Shangazi yangu amefundisha Kiswahili sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini. Kiingereza anakisoma bila shida, ila kikizungumzwa haraka, tena na mtu ambaye naye amejifunza ukubwani, anaacha kusikiliza na kunigeukia mimi. Safari ilikuwa zawadi yangu kwake ya kustaafu. Kazi ya kukata nafasi niliifanya mwenyewe, na makosa yote nitakayoyasimulia ni yangu, isipokuwa moja ambalo ni lake na ambalo hadi leo anakataa kulipokea.

Ukurasa wa kampuni ulikuwa na bendera nne juu upande wa kulia. Nikabonyeza ya Uingereza, maandishi yakageuka Kiingereza, moyo ukatulia. Hapo ndipo nilipoteleza. Bendera ile inabadilisha ukurasa tu. Haimbadilishi mtu atakayeshika kipaza sauti ndani ya basi. Chini kabisa, baada ya picha za maputo yaliyotanda angani alfajiri, palikuwa na mstari mmoja: lugha ya mwongozaji ni Kiingereza, Kihispania. Mkato ule niliusoma kama "au". Nikadhani kuna basi la hawa na basi la wale, na kwa kuwa nimekata nafasi kwa Kiingereza nitapangwa la Kiingereza. Kumbe mkato ule ulikuwa na maana ya "na". Basi lilikuwa moja, mwongozaji mmoja, lugha mbili, na lugha iliyokuwa na watu wengi ndiyo iliyopewa muda mwingi.

Kibiashara nawaelewa. Viti lazima vijae, na Uturuki si mtu yeyote tu anayeweza kuokotwa akaongoza wageni: sheria inataka awe na leseni, na leseni hiyo inataja lugha alizoruhusiwa kuongozea. Mwenye lugha mbili ni mali. Akijaza basi moja kwa watu wa lugha zote mbili, kampuni imeokoa dereva, mafuta na mshahara wa mtu wa pili. Ugomvi wangu ni na ule mkato.

Jambo jingine nililolijua nikiwa nimeshachelewa ni kwamba mtu anayekata nafasi moja anakutana na lugha kadhaa zinazopokezana. Kuna lugha ya ukurasa, ambayo huenda imetafsiriwa na mashine. Kuna lugha ya yule anayejibu ujumbe ofisini. Kuna ya mwongozaji. Halafu kuna ya dereva anayekuja kukuchukua, ambaye kwa upande wetu alijua Kituruki peke yake, naye ndiye wa kwanza unayemhitaji na ndiye usiyemfikiria kabisa wakati unalipa.

Wa ofisini tulianza naye kwa Kiingereza. Nilimwuliza kama mwongozaji anajua Kiingereza. Akajibu: ndiyo rafiki yangu, hakuna tatizo. Nikamwuliza kama tutachukuliwa uwanja wa ndege. Ndiyo rafiki yangu, hakuna tatizo. Majibu yote mawili yalikuwa ya kweli, na hakuna lililonisaidia. Ukimwuliza mtu swali la ndiyo au hapana kwa lugha ambayo wote wawili mmeiazima, atachagua ndiyo, kwa sababu ndiyo ni fupi na ina adabu. Mimi mwenyewe hufanya hivyo nikiwa nimechoka kusikiliza.

Nikaona bora nimfuate kwenye lugha yake. Nina programu ya kutafsiri kwenye simu, na hesabu yangu ilikuwa hii: nikiandika Kiswahili, programu ikatoa Kituruki, nitakuwa nimeruka Kiingereza ambacho kinatusumbua sote. Nikaandika: "Ndege yetu inatua Kayseri saa nne asubuhi." Programu ikatoa sentensi ya Kituruki, na mimi, mtu mwangalifu, nikaikagua kabla ya kutuma. Nikaona neno "saat", nikajua hilo ni saa. Mbele yake nikaona tarakimu 4. Saa, nne. Nikaridhika. Nikatuma.

Msomaji wa Kiswahili ameshacheka. Dereva alifika Kayseri saa kumi alfajiri, saa nne ya kwao, akasimama mlangoni pa wanaowasili na karatasi yenye jina la Shangazi. Alisubiri, akapiga simu ambazo sisi, tukiwa Istanbul usingizini, hatukuzisikia, akaondoka. Sisi tulitua saa nne ya kwetu, jua limeshawaka, hatukuona karatasi wala mtu. Ilituchukua karibu saa mbili kupata gari jingine, na kutoka pale hadi Göreme, mji mdogo wa Cappadocia, ni mwendo wa zaidi ya saa moja. Nilipofungua ujumbe wa ofisini, wa kwanza ulikuwa na neno "rafiki". Wa mwisho haukuwa nalo.

Naendelea kusema ningeweza kuligundua kosa lile kama nisingejua Kituruki hata kidogo. Neno geni kabisa lingenitia wasiwasi, ningemwuliza mtu. "Saat" lilinijia kama ndugu, na ndugu humkagui mlangoni.

Na ndugu ni wengi. Hili ndilo lililomfurahisha Shangazi kuliko miamba na maputo. Kituruki kimeandikwa kwa herufi za Kilatini tangu 1928, kwa hiyo hata asiyekijua anaweza kukodolea macho vocha yake ya safari, na maneno ambayo lugha zote mbili zilichota kwenye Kiarabu yanajitokeza yenyewe. Vocha yetu ilianza kwa "Sayın misafirimiz". Shangazi akasema, hapo wanatuita wasafiri. Baadaye tukaambiwa kwamba kwao "misafir" ni mgeni, yule unayemkaribisha nyumbani. Hatukuwa mbali sana, tumeachana mlangoni tu: sisi tunamtazama anayeondoka, wao wanamtazama anayefika. "Hareket saati" ni muda wa kuondoka, na harakati hiyo pale. "Şartlar" ni masharti. "Hesap", "dakika", "kitap". Alikuwa ametoa kalamu, anazungushia.

Kisha akafika kwenye "dahil".

"Dahili," akasema. "Ndani. Kama udahili wa wanafunzi. Hapa wanasema chakula cha mchana kimo ndani ya bei. Na hapa, müze, hiyo bila shaka ni makumbusho, viingilio navyo dahil. Vimo."

Nikamwuliza kile kineno kinachofuata, "değildir", ni nini. Akasema ni mapambo ya sarufi, lugha nyingi zinayo.

"Değil" ni neno la kukanusha. Viingilio havimo. Tulilijua hilo langoni Derinkuyu, nyuma yetu wakiwa wamesimama watu kumi na wanane, mfukoni sina lira ya kutosha, mwongozaji ananiangalia kama mtoto aliyekuja shule bila daftari. Kijana mmoja wa msafara alitukopesha, tukamlipa jioni. Shangazi anashikilia kwamba alisoma sawasawa, ni Waturuki walioliweka neno mahali pabaya. Sibishani naye, ni mwalimu.

Basi tukashuka.

Derinkuyu imechongwa kwenye jiwe laini lililotokana na majivu ya volkano, ghorofa chini ya ghorofa. Inakisiwa kufika kina cha mita 85 hivi, ingawa wageni hawafikishwi hadi mwisho. Watu walijificha humo na mifugo yao enzi za vita, wakivingirisha magurudumu ya mawe kuziba njia kutokea ndani. Haya niliyasoma baadaye. Siku ile nilichokijua ni kwamba ngazi zinashuka, dari linashuka pia, na vinashindana. Mahali fulani inabidi ukunje mwili kabisa, mikono magotini, hatua kumi, ishirini, thelathini, na njia ni ya mtu mmoja. Mbele yangu kulikuwa na mgongo wa mtu. Nyuma ya Shangazi kulikuwa na kundi jingine linakuja.

Nikasikia amesimama.

"Mwanangu," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, na ni ukawaida wake ulionitisha. "Kiuno kimekataa."

Nyuma watu wakaanza kuuliza kwa lugha nisizozijua. Mwongozaji alikuwa mbele, sauti yake inatoka kwenye ukuta, kwa Kihispania. Nikamwambia Shangazi apumue, nikamshika mikono yote miwili, nikaanza kutembea kinyumenyume huku nimeinama, nikimvuta kidogokidogo kama mtu anayetoa meza mlangoni. Tulipofika kwenye chumba ambacho mtu anaweza kusimama, alikaa kwenye kizingiti cha jiwe akafumba macho. Kijana yuleyule aliyetukopesha alikuwa nyuma yake, amembebea mkoba. Akaniambia kwa Kiingereza, kwa mshangao wa kweli: lakini si alisema pale juu kwamba mwenye matatizo ya mgongo, ya moyo au ya kuogopa sehemu finyu asishuke? Alisema mara mbili. Alionyesha na benchi.

Nilikuwa nimeliona benchi. Nilimwona akijipiga kofi kiunoni. Nilikuwa na habari yote mbele ya macho, na nilikuwa nimeitafsiri kuwa tuchunge vichwa.

Kwa hiyo nikisikia watu wanasema kutoelewa lugha ya mwongozaji ni kukosa tu hadithi za wafalme, nanyamaza. Hadithi utazisoma nyumbani. Tahadhari huwezi kuisoma nyumbani. Tulipotoka juu nilimfuata mwongozaji nikiwa nimekasirika, na nusu ya njia hasira ikaniishia, maana niliona uso wake. Alikuwa ameongea saa tatu mfululizo kwa lugha mbili ambazo hata moja si ya mama yake, na akiwa amechoka alikata upande wa wachache. Aliomba radhi. Kituo kilichofuata, Bonde la Ihlara, tulikitembea polepole, yeye kando ya Shangazi, akimwonyesha kwa mkono sehemu za kukanyaga.

Jioni ile nilikaa na simu. Siku ya pili tulikuwa tumekwisha kuilipia, ziara ya makanisa ya Göreme, kampuni ileile. Safari hii nilirudi kwenye Kiingereza, kibovu kwa kibovu, lakini niliandika namna nyingine. Swali moja kwa kila ujumbe. Sentensi fupi, isiyo na "ningependa kujua kama ingewezekana". Muda kwa tarakimu za saa 24, kwa sababu 09:30 haina asubuhi wala jioni ya kugombania. Na hakuna swali la ndiyo au hapana hata moja. Badala ya kuuliza kama mwongozaji anajua Kiingereza, niliuliza: kesho wamejiandikisha watu wangapi, na kila lugha ina wangapi?

Alikaa kimya robo saa. Kisha akajibu: Kihispania 11, Kiingereza 3 pamoja na ninyi. Mara ujumbe wa pili ukafuata, ambao sikuuomba: kuna ofisi nyingine tunashirikiana nayo, wao kesho wana basi la Kiingereza peke yake, nafasi zipo, niwahamishie huko? Bei ileile.

Nililitazama jibu lile kwa muda. Basi hilo lilikuwapo siku zote. Huenda na la jana lilikuwapo.

Nikauliza tena: ni nini ambacho hakimo kwenye bei? Akaniorodheshea, pamoja na tiketi ya pekee ya Kanisa la Giza ambayo vocha haikuitaja popote. Nikauliza ni wapi penye ngazi au sehemu ya kuinama. Nikauliza mahali pa kuchukuliwa, nikaomba atume picha ya mlango badala ya maelezo. Picha haina sarufi.

Tulipopanda basi asubuhi, kabla ya kukaa, nilimtazama mwongozaji kifuani. Kadi yake ilikuwa inaning'inia, na lugha zimeandikwa. Nikamweleza kuhusu Shangazi, kwamba anafahamu mambo haya kuliko mimi ila anapata kila kitu kupitia kwangu, nikamwomba anidokezee mapema atasema nini kila kituo. Hakushangaa. Alinipa muhtasari tukiwa njiani, nami nikamsimulia Shangazi kwa Kiswahili chenye mwanzo na mwisho, si vile vipande vya jana vya "amesema... ngoja... amesema". Tulipofika, Shangazi alikuwa na macho yake huru. Göreme, ambayo imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1985, maelezo yote mwongozaji alimalizia nje, na ndani ya makanisa kila mtu alitazama kimya. Kanisa la Giza limeitwa hivyo kwa sababu mwanga hauingii ila kwa kidirisha kidogo, na giza hilohilo ndilo lililotunza rangi za michoro yake ya ukutani. Tulisimama mle bila kusema neno. Ilikuwa mara ya kwanza katika siku mbili mimi kukiona kitu. Mtu akikwambia atakutafsiria ziara nzima, mhurumie: anasikiliza kwa sikio moja, anasema kwa mdomo, na macho yake yako kwako.

Kituo cha mwisho kilikuwa juu ya genge, jua linaelekea kuzama. Mwongozaji aliuliza safari yetu imekuwaje, nikamsimulia ya dereva wa saa kumi alfajiri. Nilidhani atacheka. Akanitaka nieleze tena jinsi tunavyohesabu. Nikamwambia: usiku unaanza jua likizama, saa kumi na mbili imekwisha, inayofuata ni moja.

"Alaturka," akasema. Akaeleza kwamba enzi za Waosmani, watawala wa Uturuki kabla ya Jamhuri, saa zao ziliwekwa hivyohivyo: jua likizama ni kumi na mbili, na watu walirekebisha saa zao kulifuata. Ni Jamhuri iliyoleta saa za kimataifa, kuanzia 1926. Jua lilikuwa limegusa ukingo wa mlima. Akalionyesha. Kwa saa ya mababu zake, alisema, sasa hivi ni kumi na mbili kamili.

Nikamtafsiria Shangazi. Alisikiliza hadi mwisho, akavuta mkono wa sweta, akaisogeza saa yake karibu na macho. Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba.

"Mwambie," akasema, "saa ya babu zake imechelewa. Dakika ishirini."

Nikafungua mdomo nitafsiri.

"Dakika?" mwongozaji akauliza, akimtazama yeye. "Yirmi dakika?" Akanyoosha vidole kumi, akavifumba, akavinyoosha tena.

"Ehee," Shangazi akamjibu.